Haki ya Mto

Katika mwaka wa 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa ingali nchi ya udhamini mikononi mwa Waingereza, na wakati wakulima wengi wa Uhehe walipokuwa wakimalizia shughuli zao za usiku kwa mwanga wa moto wa jikoni au wa kibatari cha kopo, palisimamishwa katika Mto Ruaha Mdogo, jirani na misheni ya Tosamaganga, mtambo wa kufua umeme kwa nguvu ya maji yanayoporomoka, ambao uwezo wake wote ulikuwa megawati 1.22. Kiasi hicho, kikipimwa kwa mizani ya zama zetu, ni kidogo mno. Maana kila mmoja wa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji una uwezo wa megawati 235, na yote kwa pamoja 2,115, yaani zaidi ya mara 1,700 ya kituo kile. Lakini mimi hukikumbuka kituo cha Tosamaganga kwa taadhima kubwa, kwa sababu katika siku zake taa na chimbuko la taa vilikuwa majirani. Mkazi wa mji wa Iringa aliyebonyeza swichi ukutani pake aliweza, akipenda, kuondoka alfajiri kwa miguu, na kabla jua halijafika utosini akawa amesimama kando ya maji yaliyomwashia. Mvua zilipochelewa katika vilima vya Mufindi, ambako mto ule huanzia, hakuhitaji mtu wa kumfasiria habari hiyo inamhusu vipi. Maarifa ya namna hiyo yametutoka, na naamini kwamba hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tosamaganga haikungojea umeme ili iwe mahali pa kutajwa. Ngome ya Kalenga, ambayo Mtwa Mkwawa aliijenga kando ya Ruaha Mdogo, mtawala wa Wahehe, na ambayo mizinga ya Wajerumani iliibomoa mwezi wa Oktoba 1894, haiko mbali nayo. Wala vita vya kumsaka Mtwa huyo, ambaye alifariki mwaka 1898, vilikuwa havijaisha wakati wamisionari Wabenediktini walipofika kuweka makao yao juu ya vilima vile. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na kuanzia mwaka 1919 pakaingia mapadre na masista wa Konsolata kutoka Torino, ambao kwa muda wa miaka mingi walipafanya mahali hapo kuwa kitovu cha kazi yao katika Uhehe: kanisa, karakana, nyumba zilizoezekwa vigae vyekundu vya udongo, shirika la masista wazalendo wa Teresina, shule ambayo baadaye ikawa sekondari mashuhuri ya Serikali, na hospitali ambayo wagonjwa huijia kutoka vijiji vya mbali. Mtu akizitazama kazi hizo pamoja na ule mtambo wa mtoni, huweza kudhani kwamba nuru ya umeme ilikuja hapo kama sadaka. Haikuwa hivyo. Ilifuata maporomoko, na ilifuata fedha. Na katika Tanganyika ya wakati ule fedha na maporomoko havikukutana mahali pengi.

Historia ya umeme katika nchi yetu ni historia ya nani aliyestahiliwa kuona usiku. Ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya Wajerumani, uliihudumia karakana ya reli na sehemu ya mji waliyokaa Wazungu. Waingereza walipouachia mikono ya makampuni mwaka 1931, moja ikachukua mji wa Dar es Salaam na jirani zake, na nyingine, ambayo ndiyo asili ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikachukua sehemu nyingine za nchi. Na kampuni, maadamu ni kampuni, ilikwenda palipokuwa na mnunuzi. Ndiyo maana maporomoko ya Pangani yalifungwa mitambo mwaka 1936, kwa kuwa mashamba ya mkonge na mji wa Tanga yalikuwa tayari kulipa. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli, wala hazikuwa na mkonge. Zilikuwa na chai ya Mufindi, tumbaku ya walowezi wa Kigiriki pande za Iringa, dhahabu ya Lupa kule Chunya, na ofisi za Serikali. Iringa ikapata mtambo wake wa 1951. Mbeya ikapata wake mdogo zaidi wa Mbalizi mwaka 1958, usiofika hata nusu ya megawati moja. Na ndani ya mji wenyewe, kama ilivyokuwa katika miji yote ya Tanganyika, nyaya zilianza uzunguni, zikashuka uhindini penye maduka, kisha aghalabu zikachoka kabla hazijafika uswahilini. Mtu angeweza kusimama gizani mlangoni pake na kuzihesabu taa za wenzake.

Nisieleweke kwamba nausifu usiku wa kale. Wako waandishi wanaoutamani, wakieleza habari za hadithi kandokando ya moto na nyota zilizoonekana vizuri. Nami sina ugomvi na nyota. Lakini kibatari kilitia masizi puani mwa watoto, kikaunguza nyumba za nyasi, na kikamtoza mama senti zake za mafuta ya taa kila wiki. Fanusi, ambayo bara waliiita taa ya chemli, ilikuwa ya mwenye nafasi. Na karabai, yenye kupigwa pampu na kuvuma kwa sauti, ilikuwa ya harusi, ya duka na ya kanisa. Katika daraja hizo za mwanga kila mtu aliijua nafasi yake, na mtoto wa daraja ya chini alikiacha kitabu pale jua lilipomwacha yeye. Mwenye kutaka kujua umeme ulifanya nini katika shule za bweni za mikoa hii na awaulize wazee waliosoma humo, atasikia habari za saa mbili za usiku zilizoongezwa katika siku ya mwanadamu, na za watoto wa wakulima wa mahindi waliozitumia saa hizo kujifunza mambo ambayo baba zao hawakupata fursa ya kuyasikia.

Na ningeulizwa ni wapi faida ya umeme imedhihirika bila shaka yoyote, nisingetaja kiwanda wala redio, ningetaja hospitali. Mzazi anayeletwa usiku wa manane juu ya baiskeli au kitanda, na mtoto amekwama, hana muda wa kungoja mapambazuko. Mpasuaji anahitaji kuona, damu ya kumwongezea inahitaji kuwa imehifadhiwa katika baridi, vyombo vinahitaji kuchemshwa, na mtoto njiti akishatoka anahitaji joto lisilopanda wala kushuka. Mambo hayo hayahitaji megawati elfu. Yanahitaji umeme kidogo usiokatika. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa katika hotuba zetu tumezoea kuupima umeme kwa wingi wake, ilhali mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji huupima kwa uaminifu wake, na kwa kipimo hicho cha mgonjwa mtambo mdogo ulio karibu, wenye maji ya kutosha na fundi anayeujua, waweza kuushinda mtambo mkubwa ulio mwisho wa nyaya za kilomita mia tano.

Baada ya Uhuru, Serikali ilianza mwaka 1964 kuzinunua hisa za makampuni yale, yakaunganishwa, na hadi mwaka 1975 shirika zima lilikuwa limekuwa mali ya umma. Hilo lilikuwa tendo la haki, nami sijaona hoja ya kuniridhisha kinyume chake. Mwaka huo huo wa 1975 mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kazi katika Mto Ruaha Mkuu, kwa mikopo na misaada ya Uswidi na Benki ya Dunia, nayo ilipokamilika ikafika megawati 204. Ili Kidatu isikose maji wakati wa kiangazi likajengwa juu yake bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Iringa na Dodoma, ambalo lilianza kujazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988 likapewa mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Katika miaka hiyo hiyo laini ya kilovolti 220 ilipanda kutoka Kidatu hadi Iringa, ikapita Mufindi, ikafika Mbeya. Hivyo nyanda hizi zikaingia katika gridi ya taifa, na kituo cha Tosamaganga, kilichokuwa zamani mama wa taa za Iringa, kikawa tone katika pipa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kwa kitambo kirefu limeishughulisha fikra yangu. Maji ya Ruaha Mdogo, yakishapita Tosamaganga, hushuka hadi Pawaga, yakaingia katika Ruaha Mkuu. Hapo huingia Mtera yakazungusha mitambo, yakaenda Kidatu yakazungusha mingine, yakaungana na Rufiji, na leo huingia katika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Tone moja lililonyesha Mufindi laweza basi kutumwa kazi mara kadhaa kabla halijaonja chumvi ya Bahari ya Hindi. Sijui mtumishi mwingine wa taifa hili anayefanya kazi kwa saburi kama hiyo. Lakini sisi tunaotumia kazi yake tumetengwa naye na gridi: anayewasha feni Kariakoo hana sababu ya kujua kwamba upepo ule ni mvua ya Wahehe, Wabena na Wasangu, naye Mhehe, ambaye taa yake hutoka katika nyaya zile zile zinazokusanya umeme wa gesi ya Mtwara na wa maji ya pande zote, hana tena njia ya kuiona taa yake ndani ya mto wake. Kwa kuunganisha watu wote, gridi imemtenga kila mmoja na chimbuko lake.

Utengano huo huwa haudhuru mpaka mto upungue. Ulipopungua, na maji ya Mtera yakashuka chini ya kimo cha mita 690 juu ya usawa wa bahari, ambacho ndicho mpaka uliowekwa kwa uendeshaji wa mitambo, mgawo wa umeme wa mwaka 2006 uliwakumbusha watu wa miji kwamba taa zao zilikuwa mvua. Ukumbusho ule, kwa masikitiko yangu, uligeuka haraka kuwa kutafuta mkosaji, na mkosaji akapatikana kule katika bonde la Usangu, juu ya Mtera: mfugaji mwenye ng'ombe katika kinamasi cha Ihefu na mkulima wa mpunga wa Mbarali. Wafugaji wakaondolewa katika mwaka huo na uliofuata, na mwaka 2008 ardhi ile ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mimi si mtetezi wa kila mfereji wa mpunga. Maji ya kiangazi yamepungua kweli, na Ruaha Mkuu umekauka ndani ya hifadhi katika miaka mingi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakateseka viboko na samaki. Lakini bwawa la Mtera hujazwa zaidi na mafuriko ya msimu wa mvua kuliko vijito vya kiangazi, na wataalamu walioichunguza Usangu walilieleza jambo hilo mapema. Kwa hiyo kuukusanya ukame wote, na namna maji ya bwawa yalivyotumiwa, kisha kuuweka mzigo huo juu ya mgongo wa mchunga ng'ombe, haikuwa insafu. Aliyeondolewa hakuwa na taa ya umeme nyumbani kwake. Alitozwa gharama ya nuru asiyoiona.

Katika mabonde ya milima ya Udzungwa upo mfano mwingine ambao hunipa faraja. Mto Kihansi ulipofungwa ili kutoa megawati 180, mwishoni mwa miaka ya 1990, maporomoko yake makubwa yalinyang'anywa karibu maji yote, na pamoja nayo yakatoweka yale manyunyu ya maji yaliyokuwa yamelowesha, kwa karne zisizo idadi, vipande vidogo vya majani kandokando ya korongo. Humo alikuwa akiishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto wake hai, ambaye wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati kazi ya ujenzi imekwisha kuanza, na ambaye hapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Maradhi ya kuvu nayo yakamshukia. Na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokoka kwa kuwa baadhi ya vyura hao walikuwa wamepelekwa katika bustani za wanyama za Marekani, huko Bronx na Toledo, na mwaka 2012 watoto wa wale waliosafirishwa wakarudishwa korongoni kwao. Wako waliocheka, wakauliza chura ana thamani gani mbele ya taa za Dar es Salaam. Mimi naona kwamba katika shauri lile, labda kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, mto ulipewa haki yake kwa maandishi: iliwekwa sharti kwamba sehemu ya maji iachwe ipite bila kuzalisha chochote, kwa ajili ya kiumbe asiyelipa bili.

Kama chura amepewa haki hiyo, watu wa vyanzo vya maji nao wana dai. Sehemu nyingine za nyanda hizi dai hilo limekwisha kuanza kujibiwa, na halikujibiwa na gridi. Kule Matembwe katika Njombe, na Bomalang'ombe katika Kilolo, vijito vimefungwa mitambo midogo kwa msaada wa Waitaliano, na umeme wake ukasambazwa kwa vijiji vilivyo jirani; Mwenga, katika Mufindi, mtambo wa megawati 4 ulianza mwaka 2012, ukiihudumia chai na vijiji vilivyouzunguka, huku ziada ikiuzwa TANESCO; na mbali kidogo, katika Mto Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga kituo cha Tulila cha megawati 5, jambo ambalo laiti lingefanywa na wanaume wa serikali kubwa lingeimbwa katika magazeti kwa mwaka mzima. Vituo hivyo ni warithi halali wa Tosamaganga. Katika kijiji chenye mtambo wake mwenyewe, anayetaka kufyeka msitu wa chemchemi hukutana na majirani zake kabla hajakutana na afisa, kwa kuwa kila mmoja wao anajua shoka lile litaanguka juu ya taa ya nani.

Pasipo ujuzi huo, tumefanya mambo yanayopingana bila kuona kwamba yanapingana. Nguzo zinazobeba nyaya katika sehemu nyingi za Tanzania ni mikaratusi ya Mufindi na Njombe, iliyonyooka, ikatiwa dawa na kupakiwa juu ya malori. Ni fahari ya mikoa hii, na imewapa wananchi wengi ada za shule na mabati ya nyumba. Lakini mkaratusi ni mti wenye kiu, na pale ulipopandwa bondeni, kwenye macho ya maji, mto hulipa. Mkulima wa vinyungu, ambaye wakati wa kiangazi hulima mahindi mabichi na maharage katika unyevu wa mabonde, na ambaye kwa muda mrefu amekuwa akikaripiwa kwamba anaharibu vyanzo, amepata kuniambia kwamba bustani ya babu yake ilikuwa na maji mwaka mzima hadi miti ilipopandwa juu yake. Sina sababu ya kumkanusha. Inanijia akilini kwamba nguzo na maji vinavyokwenda kukutana katika taa moja ya mjini vilikuwa vikigombana huku nyumbani, na hakuna aliyeketi kuvisuluhisha, ingawa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi zake mjini Iringa, jirani kabisa na ugomvi wenyewe.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo hizo zimeanza kurudi vijijini zikiwa zimebeba nyaya, na kuunganishwa kwa shilingi 27,000 kumemfungulia mlango mtu ambaye baba yake aliishi na kufa chini ya laini kubwa bila kupata hata taa moja. Hii ni neema, na anayeidharau hajapata kusoma kwa kibatari. Hata hivyo, nyumba ikishaunganishwa bado kuna kutandaza nyaya ndani, kuna vifaa, na kuna mita ya Luku inayolia usiku uniti zikiisha. Kwa hiyo nyumba nyingi huwasha taa mbili, huchaji simu, husikiliza redio, kisha huingia jikoni na kukuta mafiga yale yale na kuni zile zile. Jiko halijaguswa na historia yote hii niliyoieleza, toka 1908 hadi leo. Mama wa Ng'uruhe au wa Ifunda angali anapika ugali kwa mti, na mkaa unaopikia mjini Iringa ungali unatoka katika miti ya bonde ambalo ndilo linalotoa maji ya umeme wenyewe.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati isiyo kuni wala mkaa, na yamkini hesabu hiyo itaanzia katika miji, kwa kuwa ndiko kwenye mitungi ya gesi, maduka na wanunuzi, kama ilivyoanzia katika miji hesabu ya taa za makampuni yale ya 1931. Ningeomba safari hii ianzie juu: Mufindi, Kilolo, Mbarali na vijiji vinavyoizunguka Tosamaganga, katika nyumba zilizo karibu na chemchemi, na bei ya uniti huko ipunguzwe kwa jina la maji yanayolindwa, ili jiko moja la umeme likiwashwa ukingoni mwa Ruaha Mdogo liuache mti mmoja umesimama, na mti huo uendelee kuitumikia Mtera, Kidatu na Rufiji.